Mkono Usio na Mhasibu: Jinsi Mrushaji Chipukizi wa Besiboli Anavyosakwa na Kulelewa Marekani

Katika uwanja wa shule ya sekondari huko Texas au Florida, jioni ya mwezi wa Machi, nyuma ya wavu wa chuma ulio mgongoni mwa mdakaji, huketi safu ya wanaume wenye kofia, kila mmoja ameshika kifaa cha kupimia kasi kinachofanana na tochi ya askari wa barabarani. Kijana aliye juu ya kilima anapoinua goti lake la mbele, vifaa vyote huinuka kwa pamoja kama shingo za korongo walioshtuka. Mpira ukishatua kwenye glovu ya mdakaji, vyote hushuka, vichwa huinama, na namba za maili kwa saa huandikwa: 94, 95, 93. Mwenzao mmoja hajaketi nao. Amesimama upande wa kituo cha tatu (vituo ni alama ambazo mpigaji huzikimbilia kuuzunguka uwanja), ambako kifua cha mrushaji wa mkono wa kulia huelekea, na hana kifaa chochote mkononi. Anautazama mguu wa mbele wa kijana unapokanyaga udongo, na raundi, yaani zamu ya timu yake kurusha, inapokwisha hutupia jicho mahali pale ili aone kama nyayo zimechimba shimo moja au matatu.

Wote hao ni skauti, yaani wasaka vipaji walioajiriwa na klabu za ligi kuu, na wote wamemfuata kijana mmoja mwenye umri wa miaka 17 au 18. Kinachowatofautisha ni swali. Wale wenye vifaa wanauliza kijana anarusha kwa kasi gani leo, ilhali yule wa pembeni anauliza mkono huo utakuwa wapi mwenye nao akifikisha miaka 25. Swali la kwanza hujibiwa papo hapo na kifaa chochote kinachouzwa dukani. La pili ndilo linalogharimu mamilioni ya dola, na ndilo linaloifanya kazi ya kumtafuta na kumlea mrushaji chipukizi kuwa ngumu kuliko ya mchezaji mwingine yeyote wa besiboli.

Kwa msomaji ambaye besiboli kwake ni mchezo wa kwenye filamu, inafaa kwanza kuieleza kazi yenyewe. Mrushaji husimama juu ya kilima cha udongo chenye kimo cha sentimita 25, na kutoka hapo humrushia mpira mdakaji aliyechuchumaa nyuma ya bamba jeupe lililo umbali wa mita 18.44, umbali ambao haujabadilika tangu mwaka 1893. Kando ya bamba hilo, lenye upana wa sentimita 43, husimama mpigaji na gongo lake. Mpira wenyewe una uzito wa gramu 145 hivi na umeshonwa kwa uzi mwekundu, mishono 108 ya uzi maradufu, na mishono hiyo iliyoinuka ndiyo inayoviwezesha vidole kuushika na hewa kuusukuma huku na huku. Ukirushwa kwa kasi ya maili 95 kwa saa, ambazo ni sawa na kilomita 153, humfikia mpigaji katika muda wa sekunde 0.4 hivi, na ndani ya muda huo inampasa autambue, aamue, na alizungushe gongo. Mrushaji anayeweza kumnyang'anya mpigaji sehemu ndogo tu ya muda huo, au kumfanya autumie vibaya, ni mali adimu.

Ndiyo maana kasi ikawa sarafu ya soko hili. Mwaka 1974 Danny Litwhiler, kocha wa besiboli wa chuo kikuu cha Michigan State, alivutiwa na rada ya askari wa chuo chake, akawaza kwamba chombo kinachopima gari kingeweza kupima mpira pia. Kabla ya hapo skauti alitegemea jicho lake na sikio lililosikiliza mlio wa glovu, na ripoti mbili kuhusu kijana mmoja zingeweza kutofautiana kama mbingu na ardhi. Namba ilimaliza ubishi huo, lakini ilileta ubishi mwingine, kwa sababu kitu kinachopimika kwa urahisi hufukuzwa kwa urahisi. Wastani wa kasi ya mpira wa kasi katika ligi kuu ulikuwa maili 91.3 kwa saa mwaka 2008, na kufikia mwaka 2024 ulikuwa umepanda hadi maili 94.2. Kijana wa sekondari anayetaka kutazamwa anajua namba hizo kwa moyo. Kasi ni lazima, sikatai. Lakini kumchagua mrushaji kwa kasi peke yake ni sawa na kumchagua fundi kwa uzito wa nyundo yake.

Drafti ya mwaka 2014 inaonyesha jambo hili waziwazi. Drafti ni mgawo wa kila mwaka ambapo klabu 30 za ligi kuu hupokezana zamu ya kuchagua chipukizi, na klabu iliyomchagua kijana ndiyo pekee yenye haki ya kumsajili kwa wakati huo. Mwaka ule Houston Astros walimchagua wa kwanza Brady Aiken, kijana wa sekondari kutoka San Diego anayerusha kwa mkono wa kushoto. Miami Marlins, waliokuwa wa pili, walimchukua Tyler Kolek wa Texas, ambaye mpira wake ulikuwa umevuka maili 100 kwa saa akiwa bado mwanafunzi. Baada ya vipimo vya afya, Astros walitiwa wasiwasi na ligamenti (utepe unaoshikilia kiungo) ya kiwiko cha Aiken, wakapunguza dau, na mkataba ukavunjika kabla ya kusainiwa. Mwezi Machi mwaka uliofuata kiwiko hicho kilifanyiwa upasuaji. Kolek alisaini kwa dola milioni 6, naye akapasuliwa kiwiko mwaka 2016. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kurusha mpira katika ligi kuu. Wa tatu katika orodha ile alikuwa Carlos Rodón, na wa saba Aaron Nola, wote wawili warushaji waliotoka vyuo vikuu, na kufikia mwaka 2015 wote wawili walikuwa wakicheza ligi kuu.

Hili halina maana kwamba vyuo vina dawa. Kilichotokea ni kwamba Rodón na Nola walikuwa wametazamwa kwa miaka mitatu zaidi, dhidi ya wapigaji wenye nguvu zaidi, katika umri ambao mwili umekwisha kutulia. Klabu zinalijua hilo tangu zamani, na hofu yao inaonekana katika kumbukumbu: tangu drafti ilipoanza mwaka 1965, warushaji watatu tu waliotoka moja kwa moja sekondari wamewahi kuchaguliwa wa kwanza, nao ni David Clyde mwaka 1973, Brien Taylor mwaka 1991, na Aiken. Wote watatu walirusha kwa mkono wa kushoto. Mrushaji wa sekondari wa mkono wa kulia hajawahi kuchaguliwa wa kwanza hata mara moja.

Hata hivyo hofu nayo ina gharama yake. Mwaka 2006 klabu sita zilimpita kijana wa Dallas aliyeitwa Clayton Kershaw, na watano kati ya sita waliochaguliwa kabla yake walikuwa warushaji waliokwisha kupitia chuo. Los Angeles Dodgers walimchukua katika nafasi ya saba. Tarehe 25 Mei 2008, akiwa na umri wa miaka 20, alirusha mpira wake wa kwanza ligi kuu, na kabla ya kufikisha miaka 27 alikuwa amekwisha kutwaa mara tatu tuzo ya Cy Young, ambayo hupewa mrushaji bora wa msimu. Kwa hiyo skauti anaishi kati ya Kolek na Kershaw, na hakuna klabu inayoweza kuamua tu kuwaacha wote wa sekondari ikalala usingizi mnono.

Ni nini, basi, anachokiandika? Skauti hutumia kipimo kinachoanzia 20 na kuishia 80, ambapo 50 ni uwezo wa kawaida wa mchezaji wa ligi kuu, na kila silaha ya mrushaji hupewa alama zake: mpira wa kasi, mpira wa kupinda au slaida (mpira wa haraka unaokata pembeni), mpira wa kuhadaa unaorushwa kwa mwendo uleule wa mkono lakini ukaenda polepole, na uwezo wa kuuweka mpira mahali anapotaka. Kila silaha hupata alama mbili, moja ya leo na nyingine ya baadaye. Mpira wa kuhadaa wa kijana wa miaka 18 unaweza kuandikwa 30 leo na 50 baadaye, na katika pengo hilo la alama 20 ndimo kazi yote ya skauti inamokaa, kwa sababu hakuna chombo cha kulipima. Analijaza kwa kuutazama mwili. Hutazama upana wa mabega, urefu wa viungo, vifundo vya mikono, na hata baba na mama walioketi jukwaani, ili akisie ni kilo ngapi za misuli zinaweza kuongezeka bila kuharibu wepesi. Kijana mwembamba anayerusha maili 91 bila kukaza uso huweza kupewa alama za juu kuliko mwenzake mnene anayefikisha 95 kwa kujikamua kila tone.

Mpira wa kuhadaa una kisa chake, nacho hunichekesha kila mara. Kijana mwenye kasi kubwa hauhitaji mpira huo akiwa sekondari. Wapigaji anaokutana nao hawaufikii mpira wake wa kasi, kwa hiyo kuwarushia mpira wa polepole ni kuwafanyia hisani, na kocha wake anayetaka ushindi wa Ijumaa hawezi kuuitisha. Matokeo yake ni kwamba silaha ambayo itaamua kama kijana atakuwa mrushaji wa kuanza mechi ligi kuu ndiyo ambayo skauti huiona mara chache zaidi. Skauti makini hufika mapema, kabla mechi haijaanza, wakati kijana anapasha mkono pembeni, kwa sababu huko ndiko atakakouona ukirushwa mara tano au sita. Takwimu za mechi zenyewe hazimsaidii sana. Katika mwaka wake wa mwisho shuleni Kershaw aliwahi kuwatoa wapigaji wote 15 wa mechi moja iliyokatizwa mapema bila hata mmoja kuugusa mpira ukaenda mahali pa maana. Jambo la ajabu kweli, lakini lilieleza zaidi udhaifu wa wapigaji wale kuliko ukubwa wa Kershaw.

Siku hizi jicho hilo limepata wasaidizi. Mitambo ya rada na kamera hupima mpira unajizungusha mara ngapi kwa dakika, mhimili wa mzunguko umeelekea wapi, na mkono umeuachia mpira katika kimo gani. Mpira wa kasi wa kawaida ligi kuu hujizungusha mara 2,300 hivi kwa dakika, na kwa kuwa mzunguko huo ni wa kurudi nyuma, hewa huubeba kidogo, ukashuka pungufu ya vile jicho la mpigaji linavyotarajia. Gongo hupita chini yake. Hii ndiyo sababu warushaji wawili wenye kasi ileile ya maili 94 wanaweza kuwa na thamani mbili tofauti kabisa. Mwaka 2021 Detroit Tigers walitumia nafasi ya tatu ya drafti kumchukua Jackson Jobe, kijana wa sekondari kutoka Oklahoma, na sifa iliyomvumisha zaidi ilikuwa slaida yake iliyojizungusha zaidi ya mara 3,000 kwa dakika. Miaka kumi na mitano kabla ya hapo sifa hiyo ingeelezwa kwa neno moja tu, kwamba ni kali.

Sasa tuingie ndani ya mkono wenyewe, kwa sababu bila hapo mengine hayaeleweki. Nguvu ya mrushaji haianzii mkononi. Huanzia mguu wa nyuma unaosukuma kilima, hupanda kwenye nyonga, nyonga zikageuka kabla ya mabega, kiwiliwili kikajikunja kama kamba inayosokotwa, na mwishoni mkono hufuata ukiwa umelala nyuma kiasi kwamba kiganja karibu kielekee angani. Kisha bega hujizungusha mbele. Mzunguko huo ni miongoni mwa miendo yenye kasi kubwa kabisa iliyowahi kupimwa katika mwili wa binadamu, zaidi ya nyuzi 7,000 kwa sekunde. Kama mkono ungeweza kuendelea hivyo kwa sekunde nzima, ungezunguka karibu mara 20. Katika mshtuko huo, upande wa ndani wa kiwiko huvutwa utengane, na kinachouzuia ni utepe mfupi wa nyuzi ngumu unaounganisha mfupa na mfupa, ambao ndio ligamenti tuliyoitaja. Mguu wa mbele ukikanyaga mahali pasipofaa, au mabega yakigeuka mapema kabla ya nyonga kufanya kazi yake, mkono hulazimika kulipa deni lililoachwa na miguu. Ndiyo maana yule skauti wa pembeni anakagua shimo la nyayo.

Misuli huongezeka kwa mazoezi kwa haraka kuliko ligamenti inavyokomaa. Kijana wa miaka 16 anaweza kuongeza kilo kumi katika majira moja ya baridi na kuongeza maili nne, na kila aliyemwona atampongeza, wakati utepe ule uliokuwa ukihimili maili 88 ni uleule. Ukikatika, dawa yake inajulikana. Mwezi Septemba mwaka 1974 daktari Frank Jobe, ambaye hana uhusiano wowote na kijana wa Detroit isipokuwa jina, alichukua kano kutoka sehemu nyingine ya mwili wa mrushaji Tommy John na kuifuma kiwikoni mahali pa ligamenti iliyokatika. John alirudi na kushinda mechi nyingine 164, na upasuaji ukabaki na jina lake. Kurejea huchukua takribani mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu. Mafanikio hayo yamezaa imani potofu miongoni mwa baadhi ya wazazi kwamba upasuaji huongeza kasi, kana kwamba kiwiko ni injini inayofanyiwa matengenezo. Kasi inayoonekana baadaye hutokana na miezi mingi ya mazoezi ya mwili mzima ambayo kijana hakuwahi kuyafanya kabla hajaumia.

Watafiti wa Birmingham, Alabama, walilinganisha vijana waliopasuliwa bega au kiwiko na vijana wenzao warushaji wasioumia, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 kitu kimoja kilijitokeza juu ya vyote: waliokuwa na mazoea ya kuendelea kurusha mkono ukiwa umechoka walikuwa na uwezekano mara 36 zaidi wa kuwa katika kundi la waliopasuliwa. Kurusha kwa zaidi ya miezi minane kwa mwaka kuliongeza uwezekano huo mara tano. Mwaka 2014 ligi kuu na chama cha USA Baseball zilitoa mwongozo uitwao Pitch Smart. Kwa kijana wa miaka 17 au 18 mwongozo huo unaweka kikomo cha mipira 105 kwa siku, unataka apumzike siku nne akivuka mipira 80, na unashauri miezi minne kwa mwaka bila kurusha, miwili au mitatu kati yake ikiwa mfululizo. Kuanzia msimu wa 2017 shirikisho linalosimamia kanuni za michezo ya sekondari nchini humo lilivitaka vyama vya majimbo yote viweke kikomo cha mipira katika mechi za shule.

Mechi za shule. Maneno hayo mawili yanabeba tatizo zima. Kijana huyu ana maisha mengine ya besiboli nje ya shule: timu ya kusafiri inayocheza wikendi, mashindano makubwa ya Georgia na ya Jupiter huko Florida ambako mamia ya skauti hukusanyika, na maonyesho ya vipaji ambamo kila mrushaji hupewa raundi moja au mbili tu kuonyesha alichonacho. Mtu aliyepewa raundi moja mbele ya skauti mia hatarushi kwa kiasi. Kocha wa shule huhesabu mipira ya shule. Kocha wa timu ya kusafiri huhesabu ya kwake, kama anahesabu. Mwalimu binafsi wa urushaji anayelipwa kwa saa hahesabu chochote, na mipira ya kupasha mkono pembeni haiingii katika daftari la mtu yeyote ingawa kiwiko hakiijui tofauti. Kila mmoja anaweza kuapa, na kwa haki kabisa, kwamba hakuvunja kanuni. Jumla tu ndiyo haina mwenyewe. Ripoti ya ligi kuu ya mwezi Desemba mwaka 2024 kuhusu majeraha ya warushaji ilitaja kuisaka kasi na kurusha kwa nguvu zote kuwa miongoni mwa sababu kuu, na ikaeleza kwamba mtindo huo umekwisha kushuka hadi kwa vijana. Binafsi naona wazazi ndio pekee wanaokuwapo katika viwanja vyote hivyo, kwa hiyo daftari la jumla lingepaswa kuwa mikononi mwao. Bahati mbaya wao ndio pia waliolipa nauli ya kwenda Jupiter.

Kuhusu fedha nitakuwa mfupi. Drafti, ambayo sasa hufanyika mwezi Julai na ina raundi 20 za kuchagua, huipa kila nafasi ya raundi 10 za mwanzo thamani yake ya dola, na jumla ya thamani hizo ndiyo bajeti ya klabu. Klabu inayoipita bajeti kwa zaidi ya asilimia 5 hupoteza haki ya kuchagua katika raundi ya kwanza ya drafti inayofuata. Mhitimu wa sekondari ana silaha moja katika mazungumzo: anaweza kukataa na kwenda chuo kikuu, ambako, kikiwa chuo cha miaka minne, hatachaguliwa tena mpaka amalize mwaka wa tatu au afikishe miaka 21. Klabu hupunguza dau la mchezaji wake wa kwanza, ikahifadhi kilichobaki, na kukitumia baadaye kumshawishi kijana kama huyo. Kwa mtazamaji wa mbali inaonekana kijana aliyechaguliwa raundi ya nne amepuuzwa, kumbe amelipwa kama wa raundi ya kwanza.

Na kwenda chuo kunaweza kulipa. Paul Skenes alimaliza sekondari California mwaka 2020, akiwa mdakaji aliyekuwa pia akirusha, na hakuna klabu iliyomchagua katika drafti ya mwaka ule iliyofupishwa hadi raundi tano. Alikwenda chuo cha jeshi la anga, kisha akahamia Louisiana State, na mwaka 2023 Pittsburgh Pirates walimchagua wa kwanza kabisa kwa dau la dola milioni 9.2. Mwaka uliofuata alikuwa chipukizi bora wa ligi yake, na mwaka 2025 akatwaa Cy Young. Miaka yake ya ukuaji mkono wake ulikuwa ukigawana kazi na glovu ya mdakaji, na skauti wengi sasa huandika jambo la namna hiyo kama sifa: mkono uliotumika kidogo. Kwa sababu hiyohiyo kijana wa majimbo ya kaskazini, ambako theluji hufunga viwanja hadi mwezi wa Aprili, hutazamwa kwa jicho la subira zaidi kuliko mwenzake wa Florida anayecheza mwaka mzima.

Zamani klabu haikuwa na subira yoyote. David Clyde alichaguliwa wa kwanza mwezi Juni mwaka 1973 na Texas Rangers, klabu iliyokuwa ikihangaika kuuza tiketi, na tarehe 27 ya mwezi huohuo, akiwa na umri wa miaka 18 na majuma machache tu tangu atoke shuleni, alipandishwa kwenye kilima cha ligi kuu mbele ya watazamaji zaidi ya 35,000. Alishinda usiku ule, akiwa amewatoa wapigaji 8 na kuwapa wengine 7 kituo cha bure kwa kushindwa kuuelekeza mpira. Alibakizwa huko huko ligi kuu. Alicheza mechi yake ya mwisho ya ligi kuu mwaka 1979, akiwa na mechi 18 alizoshinda na 33 alizopoteza, kabla ya kufikisha miaka 25.

Leo kijana aliyesaini mwezi Julai hupelekwa kwenye kambi ya klabu, Arizona au Florida, na mara nyingi jambo la kwanza analoamriwa ni kutorusha. Amekwisha kucheza msimu wa shule na maonyesho ya kabla ya drafti, na kwa mara ya kwanza kuna mtu mmoja mwenye mamlaka juu ya kila mpira unaotoka mkononi mwake na mwenye hasara ya moja kwa moja mkono huo ukiharibika. Hupimwa nyonga na mabega, hupangiwa chakula na vyuma vya kunyanyua, na anaporudishiwa mpira hurusha akiwa amezungukwa na kamera zinazonasa mamia ya picha kwa sekunde, ili ionekane kidole kipi kinaugusa mwisho. Mara nyingine mabadiliko ni madogo kiasi cha kuchekesha: kidole cha kati husogezwa upana wa mshono mmoja, na mpira wa kupinda uliokuwa ukishuka kivivu unaanza kukata pembeni. Mpira wa kuhadaa, ule ulioachwa sekondari, hulazimishwa. Kijana huambiwa aurushe mara kadhaa katika kila mechi hata kama anapigwa, kwa kuwa katika ngazi hizo ushindi haumjengei mtu jina. Raundi anazorusha huongezwa mwaka hadi mwaka kwa kipimo.

Hata malezi haya hayana dhamana. Jobe wa Detroit alilelewa hivyo, akafika ligi kuu mwezi Septemba mwaka 2024, na mwezi Juni mwaka 2025 kiwiko chake kikapasuliwa. Wengi hawafiki huko. Ngazi za chini ni nyingi, na mshahara wake ni wa kubana matumizi: katika mkataba wa pamoja uliofikiwa mwaka 2023, mchezaji wa kambi alipangiwa dola 19,800 kwa mwaka, na wa ngazi ya mwisho kabla ya ligi kuu dola 35,800. Kwa kijana ambaye dau lake la usajili lilikuwa dogo, kipindi hicho ni kirefu.

Saa ya klabu nayo inakimbia. Kwa mchezaji aliyesajiliwa akiwa na umri wa miaka 18 au chini yake, klabu ina mpaka majira ya vuli ya mwaka wa nne baadaye kuamua kama itamwingiza katika orodha yake ya wachezaji 40. Ikimwacha nje, klabu nyingine inaweza kumchukua mwezi Desemba. Wakati huo atakuwa na miaka 22 hivi. Mwenzake aliyekataa dau na kwenda chuo atakuwa na umri uleule, akiwa ndio kwanza amemaliza mwaka wake wa kwanza ndani ya klabu, na kwa upande wake uamuzi huohuo bado una miaka miwili.